Kaskazini Si Mabatini

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza, mimi huingia darasa la kidato cha pili na kuuliza swali moja tu. "Kaskazini iko wapi?" Na kila mwaka darasa zima huinua vidole na kuelekeza juu, kwenye mabati. Si mmoja wala wawili. Ni wote. Wale wa mbele wanaojua kila kitu, wale wa nyuma wanaosinzia, hata yule aliyechelewa ambaye bado amesimama mlangoni na mkoba mgongoni, huwatazama wenzake wanafanya nini, kisha naye huinua kidole.

"Yaani mkitaka kwenda Malindi," huwauliza, "mwapanda paa?"

Hucheka, lakini vidole havishuki. Sababu yao wanayo, na ipo ukutani nyuma yangu: ramani ya Kenya, iliyofifia upande unaopigwa na jua, yenye mshale mweusi unaoonyesha kaskazini. Mshale unaelekea juu. Basi kaskazini ni juu. Kusini ni sakafuni, kwenye vumbi la chaki. Nimefundisha jiografia miaka mingi katika shule hii ya sekondari upande wa Kisauni, si mbali na Mtopanga, na kila mwaka najiambia kwamba safari hii sitakasirika. Hukasirika vilevile.

Watu hudhani kusoma ramani ni somo jepesi. Ni vijineno vichache tu, wanasema wenzangu wa fizikia: skeli, ufunguo, gridi, kontua, dira. Waje wafundishe wao. Somo lenyewe linatakiwa lifundishwe kwa Kiingereza, na watoto wanayameza maneno hayo kama vidonge, bila kutafuna. Mwanafunzi atakuandikia maana ya skeli, nukta na mkato vyote mahali pake, na ukimpa ramani ya moja kwa elfu hamsini umuulize sentimita mbili hapa ni mwendo gani kule duniani, atakutazama kama uliyemtukania mamake. Vitabu havitoshi. Dira tuliyonayo ni moja, na sindano yake imekwama. Ukiitikisa inaelekea unakotaka wewe.

Kwa hiyo nimezoea kuokoteza mifano ya hapa hapa. Namba za gridi kwa mfano. Wakati wote wanazisoma kinyume, wanaanza na za kwenda juu kabla ya za kwenda kando. Nikawaambia wafikirie feri ya Likoni: ukitaka kutoka, kwanza unatembea sawasawa ndani ya feri mpaka mwisho, ndipo unapanda kile kilima cha barabara. Hakuna anayepanda kilima kabla hajatoka kwenye feri. Hilo wakalishika. Kontua, ile mistari ya kimo, nikawafundisha kwa maji kupwa, yanavyoacha alama moja chini ya nyingine kwenye jiwe. Hilo nalo wakalishika, baadhi yao. Lakini kaskazini ilinishinda.

Mimi nimezaliwa Likoni, katika nyumba ambayo kaskazini haikuitwa hivyo. Iliitwa kibla, upande mtu anaouelekea akisali. Makka iko kaskazini ya Mombasa moja kwa moja, karibu longitudo ileile, na kwetu hakukuwa na mtu, mkubwa kwa mdogo, asiyejua kibla iko wapi akiwa chumba chochote. Vitanda viliwekwa hivi na si vile, ili mtu asilale akaelekeza miguu kibla. Choo kilichimbwa kwa kuangalia hilohilo. Nilipotumwa kumshika kuku wa kuchinjwa, bibi yangu hakuniambia nishike wapi. Aliniambia, "Mgeuze kibla," na mikono yangu ikajua pa kwenda. Tukienda kulala ugenini, kabla ya kuuliza chakula tuliuliza, "Kibla iko wapi hapa?" Nilipofika shule nikaambiwa habari za kaskazini, nilijiuliza kwa nini wanafanya jambo hili kuwa gumu.

Basi mwaka mmoja, vidole vilipoelekea mabatini tena, nilishindwa kujizuia. Nikaiteremsha ile ramani ukutani kwa hasira hata msumari ukang'oka, nikawatoa wote nje. Ukisimama karibu na lango letu unauona msikiti wa jirani kwa ubavu, na ule ukuta wake wa mbele uliotokeza kama tumbo, mahali anaposimama imamu ndani. Nikawaambia: kule unakotokeza ndiko kibla, na kibla yetu sisi watu wa Mombasa ndiyo kaskazini. Ukienda Nairobi inapinda kidogo, lakini hapa haipindi. Tukaitandaza ramani chini, tukaibana kwa mawe, mshale wake tukauelekeza kule linakoelekea lile tumbo la msikiti. Nikauliza tena, "Malindi iko wapi?" Wakaonyesha Malindi. Nikauliza Voi. Wakaonyesha Voi. Watoto waliotoka Bara, wanaosali kanisani Kiembeni, walishika upesi kuliko hata wetu, maana msikiti ule wanaupita asubuhi na jioni.

Nilifurahi siku ile kiasi cha kuwanunulia barafu za ukwaju. Tangu hapo ikawa ndiyo sheria ya somo langu: ramani haisomwi kabla haijaelekea kibla. Wakiingia tu darasani, wanageuza karatasi, na wengine wanageuka pamoja nayo. Kelele za viti zilikuwa nyingi, lakini sikuzijali.

Aliyeishika sheria hiyo kuliko wote ni msichana mmoja wa kwetu Likoni, ambaye kwa ajili ya shule alikaa na mamake mdogo hapo Mtopanga. Si kwamba alikuwa na akili za ajabu. Hesabu zilimtoa jasho. Ila ramani alizipenda, na sababu alinieleza mwenyewe. Alipokuwa mdogo watu walikuja kwao na karatasi kubwa, wakaitandaza juu ya boneti ya gari, wakasema shamba alimozaliwa babu yake lina mwenyewe mwingine. Wazee wakaizunguka karatasi ile, wakaitazama, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuonyesha msikiti wao uko upande gani wa karatasi. Wakatikisa vichwa tu. Kesi haijaisha mpaka leo.

"Mimi nataka kuwa mpima ardhi, mwalimu," aliniambia. "Siku wakirudi na karatasi yao, waikute ina mtu wa kuisoma."

Sasa huyo ndiye aliyeshikwa.

Ilikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ule unaotangulia mtihani wa taifa. Walikaa kwenye bwalo la chakula, madawati yote yameelekezwa jukwaani, yaani magharibi. Mimi nilikuwa nasimamia darasa jingine. Aliyesimamia bwaloni ni naibu wa mwalimu mkuu, mwalimu wa kemia, mtu wa Bara aliyekaa pwani miaka mingi na bado analalamikia joto kama aliyeshuka garimoshi jana. Si mtu mbaya. Lakini wizi wa mtihani ndio ugonjwa wake. Anauona hata kwenye chafya.

Karatasi ya ramani ilipofika, msichana wangu alifanya alivyozoea. Aliigeuza ramani mpaka mshale ukaelekea kibla, yaani mkono wake wa kulia, na yeye akageuka nayo kwenye kiti. Naibu akamwambia kaa sawa. Akakaa. Baada ya muda, bila kujijua, akageuka tena. Na huko kulia ndiko alikokaa mwenzake, karatasi yake wazi. Naibu hakusema mara ya pili. Alimnyang'anya karatasi akamtoa nje.

Nilimkuta kwenye baraza ya ofisi, mikono ameificha ndani ya buibui.

"Sikumtazama mtu, mwalimu. Wallahi sikumtazama. Naliiweka ramani kibla tu, kama ulivyotusomesha."

Kwetu anayeiba mtihani hurudishwa nyumbani hadi bodi ikutane, na bodi yetu kukutana ni kama mvua ya Januari. Kwa mwanafunzi mwingine hiyo ni adhabu. Kwa huyu ilikuwa mwisho. Karo yake ililipwa na mjomba wake, na mjomba alikuwa ameshasema mbele ya jamaa wote kwamba siku atakayoitwa shuleni kwa aibu, ndiyo siku msichana atakayovua sare. Kwa hiyo hakuitwa mjomba. Kesho yake alikuja mama, kwa feri ya alfajiri, ametoroka kazini kwake Changamwe, na kabla hajaketi alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwalimu, ndugu yangu asijue, tafadhali. Akijua tu, basi tena."

Tukaingia ofisini. Mwalimu mkuu nyuma ya meza yake, mtu mpole asiyependa kelele. Naibu kwenye kiti cha pembeni na simu yake mkononi. Mama, msichana na mimi tukakaa kwenye benchi kama washtakiwa watatu. Naibu akaeleza. Alieleza vizuri, sikatai: alimwonya, msichana akarudia, akageuka mara ya pili kuelekea karatasi ya mwenzake.

"Alisema anaelekea kibla," naibu akamalizia. "Sasa mimi sikuelewa hiyo ni hadithi gani."

Mama alishtuka. Akamtazama binti yake, akatutazama sisi.

"Kwani mwanangu alikuwa asali? Mwamtoa shule kwa sababu ya kusali?"

Ungemwona naibu. Simu nusura imtoke mkononi. "Hapana, mama! Hapana! Hakuna mtu amesema mambo ya dini hapa. Mwalimu mkuu, wewe ni shahidi yangu. Mimi sijasema mambo ya dini."

Mwalimu mkuu naye alianza kufuta miwani, jambo analolifanya akiogopa. Nikaona kama sikusema mimi, mambo yatakwenda kusikokuwako. Nikaeleza kibla na kaskazini, nikaeleza msikiti na ramani chini ya mawe. Nilieleza kwa upole mara ya kwanza. Naibu akasema hiyo ramani ya mtihani haikuwa ya Mombasa, ilikuwa ya milimani huko, penye mashamba ya majani chai, sasa kibla ya Mombasa inaingiaje? Hapo upole ukaniisha.

"Kaskazini ni moja, mwalimu! Haibadiliki kwa sababu ya majani chai!"

"Mimi nasema tu karatasi inasomwa vile imewekwa. Kaskazini iko juu. Hata mtoto wa msingi anajua."

Nikasimama. Nilimwomba afungue ramani kwenye simu yake. Akafungua. Nikamwomba asimame, ageuke kidogo kulia. Akageuka, na ramani ile kwenye kioo ikageuka pamoja naye, polepole, kama inavyofanya.

"Umeona?" nikamwambia. "Simu ikigeuka ni akili. Mtoto akigeuka ni wizi?"

Mama alicheka kwa pua, kisha akajifunika mdomo kwa mtandio. Mwalimu mkuu alitazama dirishani. Naibu akaketi, na mimi nikaweka mezani karatasi mbili nilizokuwa nimezisahihisha usiku uliotangulia: ya msichana wangu, pale alipofikia kabla ya kunyang'anywa, na ya yule jirani yake wa kulia. Msichana alikuwa amepata maswali yote ya ramani aliyoyajibu. Jirani alikuwa amekosa karibu yote. Mto unaokwenda magharibi yeye aliupeleka kaskazini, maskini, akaupandisha na mlima.

"Kama aliiba," nikasema, "aliiba nini hapa?"

Naibu alizichukua karatasi, akazisoma zote mbili, na akazirudisha. Nilikuwa tayari kwa vita. Nilikuwa na maneno bado, tena makali. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na hicho ndicho kilichonikera zaidi.

"Sawa. Hakuiba. Mimi nimekosea, mama, pole. Lakini niulize, mwalimu. Huko kwa mtihani wa taifa msimamizi atakuwa mgeni. Hatajua kibla, hatajua wewe, hatajua huyu mtoto. Ataona tu msichana amegeukia karatasi ya mwenzake. Utakuwa hapo umweleze habari ya msikiti?"

Nilizikusanya zile karatasi mbili mezani. Hakuna kitu kinachoudhi kama mtu uliyemshinda kusema neno la kweli.

Mwalimu mkuu alivaa miwani yake. Akaamua msichana arudi darasani siku ileile, bodi isisumbuliwe, mjomba asiitwe. Kwa sharti moja: mwalimu wa jiografia ahakikishe kwamba hatageuka tena. Mama alinishika mikono yote miwili baraza nzima ikiona.

"Lakini alikuwa sawa, mama," nilimwambia. "Mwanao ndiye aliyekuwa sawa."

"Najua, mwanangu. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Mfundishe wanavyotaka wao, apite." Akajitanda mtandio wake akawahi gari la kumrudisha Changamwe, huenda kazini wasigundue kwamba hakuwako.

Basi nikaanza kazi ya kumfuta. Kila siku baada ya masomo, tulibaki mimi na yeye bwaloni, kwenye dawati lilelile, likielekea magharibi vilevile. Nikamwekea ramani mbele yake, mshale ukitoka kifuani pake kwenda mbele, na nikamwambia, "Usigeuke." Siku ya kwanza alikosa kila kitu. Nilimwonyesha mto unaokwenda upande wa kushoto wa karatasi, nikauliza unaelekea wapi. Akasema kusini. Na kweli, kwa alivyokaa, mkono wake wa kushoto ulikuwa kusini. Ukinyoosha ungefika Likoni kwao. Alikuwa sahihi kwa dunia na amekosa kwa mtihani. Nikamwandikia kosa kwa kalamu nyekundu, na kalamu ile nilitamani kuivunja.

"Mwalimu, mwili wangu wakataa," aliniambia.

"Mwambie mwili wako ukae kimya."

"Waniambia karatasi yasema uongo."

"Haisemi uongo. Imelala vibaya tu."

"Basi si tuilaze vizuri?"

Nilimkaripia. Sikupaswa kumkaripia yeye, lakini wa kukaripiwa hawakuwako pale. Tulirudia. Nilimfundisha vile nilivyoapa sitafundisha kamwe: juu kaskazini, chini kusini, kulia mashariki, kushoto magharibi, kama wimbo wa chekechea. Akaurudia wimbo macho ameyafumba, maana alisema akiyafumbua anaiona kibla. Siku nyingine bega lake la kulia lilianza kuzunguka lenyewe, na mimi nikaliwekea mkono, nikalirudisha. Naibu alipita mara moja mlangoni, akatutazama, akaenda zake. Nadhani hata yeye hakupenda alichokiona.

Mwishowe akazoea. Mito ikaenda inakotakiwa, namba za gridi zikatoka bila kosa, na bega likatulia. Alasiri ya mwisho, wenzake wakiwa wanafagia madarasa tayari kwa mtihani, alinijibia ramani nzima bila kugeuka hata mara moja. Mgongo umenyooka, miguu pamoja, macho mbele. Nilikusanya karatasi, na kwa mazoea yangu tu, nikiwa sina nia ya kumpima, nikamuuliza lile swali langu la kila mwaka.

"Kaskazini iko wapi?"

Alitazama kulia, kwenye dirisha ambako ukuta wa msikiti ulionekana, haraka tu, kama mtu anayemtazama jamaa yake aliyekatazwa kusema naye. Kisha akakaa sawa, akaniangalia usoni, na akainua kidole kuelekea mabatini.

"Vizuri," nikamwambia.